Gari la Maharusi la Mjomba

Nilianzia Lodwar, juu ya lori la samaki wakavu. Kitale nikahamia kwenye lori la mahindi, Nairobi nikapata tangi tupu lililokuwa likirudi pwani, na Mariakani, ambako madereva husimama kula na kulala, nikateremka kungoja gari la maziwa la kwenda Malindi kwa njia ya Kaloleni na Kilifi. Kwenye feri ya Kilifi nilinawa uso, vumbi la nchi nzima likanichuruzika shingoni. Tulipofika Matsangoni upepo wa chumvi ulinipiga, nami nikawaza jambo moja tu: chumvi hii imelila gari lile kiasi gani?

Gari lilikuwa la marehemu mjomba wangu, aliyenilea Malindi. La Kiingereza, la zamani, rangi ya samli, na mtaani kwetu hakuna bibi harusi aliyetolewa kwao bila gari hilo. Mjomba aliliendesha polepole nyuma ya tarumbeta. Mwanawe, binamu yangu na hirimu yangu, aliketi kando yake na kuruhusiwa kupiga honi. Mimi nilikuwa wa kusukuma. Betri ilikuwa dhaifu tangu nipate akili, na kila lilipozima niliitwa mimi. Nimekua nikiijua migongo yao miwili kupitia kioo cha nyuma. Nilipoondoka kwenda kujifunza udereva na ufundi wa magari bara, nilijiapiza kwamba iko siku nitakikalia kiti cha usukani na kulipeleka gari mahali ambapo wao hawajafika.

Habari za kifo cha mjomba zilinifikia zikiwa zimechakaa. Pamoja nazo yalikuja maneno ya mkewe: Mtaliano mmoja mwenye hoteli alilitaka gari alitie bustanini, alipande maua ndani. Binamu hataki liuzwe. Yeye mama mwenyewe kachoka kulitazama. Atakayelitoa uani kwa magurudumu yake, ni lake. La sivyo, Mtaliano atalichukua.

"Shikamoo, mkaza mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Gari hilo hapo, kuku wametaga ndani."

Binamu akaingia kutoka kwenye karakana ya mashua, nywele zimejaa unga wa mbao. "Ehe, msafiri! Umekuja kuzuru kaburi au kuzuru gari?"

"Vyote viwili."

"Kaburi liko upande wa pili, bwana," akasema, akacheka peke yake.

Nikavua shati nikajilaza chini ya gari. Nilitarajia kutu. Nilikuta weupe laini, kama ukuta uliopigwa lipu.

"Nini hiki?"

"Deheni."

Nilikuwa nimeisahau: shahamu na chokaa, vitu viwili vinavyopondwa pamoja, wanavyopaka mashua tumboni ili zisiliwe na wadudu wa baharini.

"Baba alikuwa akilipaka," binamu alisema. "Alipofariki nikaendelea. Kila tukipandisha mashua ufukoni kuzipaka, na gari nalo hupata fungu lake."

Katika gamba lile zilibaki alama za vidole. Vingine vinene, vya mjomba, na kando yake vyembamba. Nikawaona wawili wale wamelala pale bega kwa bega, mikono imewaganda weupe, wakizungumza. Mimi mjomba hakupata kunilaza pale hata mara moja. 

Nikagonga kwa spana. Deheni ikabanduka vipande vipande, na chuma kikafuatana nayo kama ukoko wa wali. Mbao huipenda deheni. Chuma kilikuwa kimefunikwa pamoja na chumvi yake, kikaoza kimya kimya kama jino.

"Mmeliua," nikasema. Na ndani yangu kuna mtu aliyefurahi.

Nilimweleza kila kitu kwa utaratibu. Injini nzima. Mbele hakuna kutu. Lakini chesisi, yaani uti wa mgongo wa gari, imekwisha kuanzia katikati hadi nyuma. Kuchomelea nyingine Mombasa kungeimaliza akiba yangu yote, na bado breki, na bado matairi. Usiku mzima nilipiga hesabu kichwani na kila mara nikarudi palepale. Asubuhi nikawaambia: halifai.

"Halifai kwenda wapi?" binamu akauliza.

"Mombasa. Nairobi. Popote."

"Nani kakwambia lataka kwenda Mombasa?"

Akaenda karakanani, akarudi na mabaki ya mbao ngumu za mbambakofi. Akalichongea gari mataruma, zile mbavu za mashua, akazifunga kwa bolti pale chuma kilipokuwa kimekwisha. Nilisimama nikimwambia zitalegea. Zitapasuka. Utachekwa. Alipofungua boneti na kutia mikono kwenye karbureta, nilimsukuma kando nikaisafisha mwenyewe, maana kumwona akiishika na injini sikuweza kustahimili.

Likawaka. Likatoka uani, binamu kwenye usukani, likilia kama mashua inayoshushwa majini, mwendo wa mtu mzima aendaye msikitini. Mkaza mjomba akapiga kigelegele.

"Ni lako, mwanangu," akasema, na hakuwa akinitazama mimi.

Nilibaki Malindi miezi kadhaa nikiendesha lori la mawe la mtu. Kila mwisho wa juma nilisikia tarumbeta, na nilijua nani yuko nyuma yake.

Siku niliyoondoka, basi letu halijafika hata nje ya mji lilipokwama nyuma ya msafara wa harusi. Gari la rangi ya samli lilikuwa limezima katikati ya barabara. Dereva wetu akapiga honi, akatukana, kisha akatugeukia: "Wanaume, teremkeni tuwasukumie!"

Nikateremka na wengine. Nikaiweka mikono mahali pangu, pale chini ya buti, ambapo bodi ilikuwa imebonyea kidogo kwa viganja vyangu vya utotoni.

"Haya, waume, sukumeni!" binamu akapaza sauti bila kugeuka. Kando yake alikaa mwanawe mdogo, akipiga honi.

Likashika, likakohoa, likaenda. Wanawake wakaimba. Mimi nikarudi kwenye kiti changu, na mpaka tunavuka Kilifi viganja vyangu vilikuwa vikinuka shahamu. Sikurudi tena.