Aliyekimbia kwa Niaba Yangu

Sitakuapia. Kuapa ndiko kulikoniponza, utaona mwenyewe. Nakuambia tu kwamba haya yalinipata mimi, huku kwetu Msambweni, na si zamani. Sikuwa ndotoni. Nilikuwa macho na udhu wangu ninao.

Nina dada yangu mkubwa, Dada Mwanakombo, ndiye aliyenilea. Sukari imemla. Kwanza macho yaliingia ukungu mpaka hayaoni tena, kisha mguu mmoja ukakatwa. Alipotoka hospitali na mimi nikapimwa, nikaambiwa sukari yangu nayo iko juu, nipunguze vyakula na nifanye mazoezi. Dada akanishika mkono.

"Mdogo wangu, wewe ulikuwa ukikimbia skuli nzima inakushangilia. Hebu rudi mbioni. Usije ukalala kitanda hiki."

Nikamjibu, "Wallahi, dada, kila alfajiri nitakimbia kutoka kwangu mpaka mlangoni kwako. Nitakukanda mguu, kisha nirudi."

Niliapa, mwenzangu, nimeshika mkono wa mgonjwa.

Mwanzo nilikimbia kweli. Navaa raba, suruali ndani ya dera, ushungi nimeukaza, napita njia ya minazini watu wakinicheka: "Mama, unafukuzwa na nani?" Sikuwajali. Kisha mvua zikaja. Siku moja nikasingizia magoti. Siku ya pili, usingizi. Baadaye ikawa naswali alfajiri, narudi kitandani, na nikiamka natia sukari kwenye chai kama zamani, na mahamri juu yake. Kwa dada sikwenda hata mchana. Ningekwenda na uso gani?

Aliyenishtua kwanza ni Bi Mishi, jirani yangu anayeuza mbaazi kando ya njia. "Mashaallah, mama! Leo umenipita kama pikipiki, hata salamu yangu hukuitikia!"

Nikadhani ananisuta. Keshoye akaniambia hivyo hivyo mtu mwingine. Wewe ungefanyaje? Ungesema si wewe? Mimi nilitabasamu nikasema, "Alhamdulillahi, tunajitahidi." Nilipokea sifa za mbio nisizokimbia, na zikanifurahisha, Mungu anisamehe.

Kisha nikazikuta raba zangu mlangoni zina mchanga mbichi. Nikawauliza wanangu. Hakuna aliyezivaa.

Basi alfajiri moja nilipomaliza kuswali sikulala. Nilikaa barazani, kiza hakijaisha. Nikasikia nyayo. Akaja mwanamke anakimbia, mwepesi, kama hana uzito. Amevaa dera langu la maua ya manjano, na ushungi wangu. Alipofika mbele ya uwanja wangu akasimama, akanigeukia. Niamini: ulikuwa uso wangu, ila wa wakati ule sijazaa. Na hakuwa akihema. Kifua hakipandi wala hakishuki.

Akaniuliza kwa sauti yangu, kwa upole kabisa, "Leo pia unapumzika?"

Mimi huwafundisha watoto wa mtaa Ayatul Kursiyyu. Ningeisoma, ndiyo kinga dhidi ya shetani. Ulimi ulikuwa wangu, hakuna aliyeushika. Lakini palikuwa na baridi, na kitanda changu kiko ndani pale, na nikasema, "Ndiyo. Nenda wewe."

Hapo ndipo panaponiumiza mpaka leo. Kumwona ni jambo moja. Mimi nilimtuma.

Baada ya hapo nililala kila asubuhi, na usingizi wenyewe haukuwa na raha. Mpaka siku moja nakunja msala, simu ikalia. Ni dada, na sauti yake ina furaha.

"Mdogo wangu, leo usichelewe. Nimeshajisogeza ukingoni mwa kitanda."

"Kuna nini, dada?"

"Umesahau? Si wewe uliyeniambia jana kwamba leo tutoke tukimbie sote? Nikakwambia mguu sina, ukasema nikupe mkono tu, mguu hautahitajika."

Nikapiga kelele. "Dada, usimfungulie mtu! Usimpe mtu mkono!"

Akacheka. "Nani mwingine huja kwangu saa hizi zaidi yako?"

Nikatoka mbio. Raba hazikuwepo mlangoni, nikaenda miguu mitupu. Mwanawe anayelala naye alikuwa amekwenda Shimoni kazini, kwa hivyo nilijua yuko peke yake. Pumzi ikanikata kabla hata sijafika kwa Bi Mishi. Na mbele yangu namwona, dera la manjano linapepea, hana haraka. Nikaanza kusoma Ayatul Kursiyyu, neno na pumzi, neno na pumzi, nalia huku nasoma. Na hapo, wala sijui nikuelezeje, aligeuka, akasogea kando ya njia, akanipisha. Kama mtu anayempisha mwenye zamu yake.

Nilipoingia, dada alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa buibui, ameunyoosha mkono mbele. Nikaushika.

"Leo mkono wako una joto," akasema. "Siku zote huwa baridi. Na mbona unahema hivyo?"

"Nimekimbia, dada."

"Tunatoka?"

"Hapana, dada. Nimekuja kukukanda."

Nje nyayo zikauzunguka ukuta taratibu, zikafika dirishani, zikasimama. Kisha zikaenda zao.

Tangu siku ile nakimbia. Sukari imeshuka kidogo, chai nanywa kavu, haina sukari wala mahamri. Zipo asubuhi uvivu unaponishika, na hapo hapo nasikia mtu amesimama uwanjani, anangoja kwa adabu. Naruka kitandani navaa raba. Dada sijamwambia. Wakati mwingine nikimkanda husema, "Siku zile ulikuwa mwepesi, ukiwahi, wala hukuwa ukihema hivi. Siku hizi umechoka, eh?" Nami huinama kwenye mguu wake, nikaitika, "Nimechoka, dada."

Wewe unayenisikiliza, ukiahidi mazoezi, au kuacha sukari, au lolote lile, na ukashindwa, sema nimeshindwa. Aibu yake ni ya siku moja. Na watu wakikusifu kwa mbio usizokimbia, wakatalie pale pale. Kuna anayezikimbia, na hujui anafika kwa nani.