Nyimbo Alizozibana Nasike

Mimi siimbi kwaya yoyote, na kwa yale niliyoyaona hapa mtaani Baba Dogo nashukuru. Kazi yangu ni kushona. Cherehani yangu imepakana na kibanda cha Nasike, kati yetu ni ukuta wa mbao tu, kwa hivyo nikisema fulani alisema hivi, msiniulize nilijuaje. Nilisikia. Masikio yangu hayana shida.

Nasike ni yule msichana wa kutia nyimbo kwenye memori kadi. Wafanyakazi wa viwandani wakitoka zamu humletea vile viredio vya kubeba mkononi, visivyo hata na kioo cha kuonyesha jina la wimbo, na yeye huwajazia. Watu hudhani ni kazi ya kubonyeza tu. Wapi! Wimbo ukitoka studio huwa ni WAV, mzima mzima, mzito kama gunia la mahindi mabichi. Kadi inajaa hata hujaridhika, na viredio vingi vinaukataa kabisa. Nasike huubana ukawa MP3, ukapungua uzito na utamu ukabaki. Tena husikiliza kila mmoja hadi mwisho kabla ya kuutoa. Ukimharakisha anakuambia nenda kwingine.

Mama yake, tunayemwita tu Mama Nasike, ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo katika kwaya ya kanisa lao tangu Nasike akiwa wa kubebwa mgongoni. Alipoanzisha wimbo, hata sisi wa makanisa mengine tulisimama barabarani. Basi mwaka jana wakaenda studio kurekodi albamu. Akarudi nyumbani mapema, amekumbatia joho lake, uso umemshuka. Wenzake wote walikuwa wamemwambia kitu kimoja: koo lako limeisha, mama, unatuharibia. Mahali pake akawekwa Vivian, mke wake Kweyu, na Kweyu ndiye mwalimu wa kwaya. Umeona?

Mama Nasike aliamini. Hilo ndilo lililoniuma. Mtu mmoja akikuambia umeisha unaweza kumtukana, lakini kwaya nzima? Hakuimba tena. Kanisani alikuwa akifungua mdomo tu, bila kutoa kitu. Nasike akaniambia, "Mama Ng'ang'a, Kweyu atanilipa hii." Nikamwambia amwachie Mungu. Akasema Mungu ana kazi nyingi.

Kumbe Mungu alikuwa na nafasi, maana alimleta Kweyu mwenyewe hadi mlangoni. Uzinduzi wa albamu ulikuwa umekaribia. Alikuwa amewagawia akina mama wa kwaya kadi zenye nyimbo vilevile zilivyotoka studio, wafanyie mazoezi nyumbani, na viredio vyote vikagoma. Akawaambia viredio vyao ni feki. Alipoishiwa na uongo akaja kwa Nasike na diski ya studio na mfuko wa kadi, amevaa miwani ya jua na mawingu yametanda.

"Nibanie hizi, haraka," alisema, hata salamu hana.

Nasike akafungua diski. "Mwalimu, humu kuna mengi. Kuna nyimbo zilizokamilika na kuna za majaribio. Unataka zipi?"

"Zote. Kazi yako ni kubana, si kuuliza." Kisha akacheka. "Na usihangaike kutafuta sauti ya mamako. Haimo."

Ngai! Nilikuwa na mkasi mkononi. Nilijizuia tu kwa sababu nina watoto wa kulea. Nasike hakubishana. Alisema, "Zote, sawa," akavaa visikizi vyake.

Mchana akaniita. Alikuwa amekauka kitini. Akanivalisha visikizi, na woi, ilikuwa sauti ya mama yake, jaribio la siku ile ile ya kurekodi, imenyooka, haina kikohozi, haina kukwama. Wimbo ukaisha, nikamsikia akisema anaenda kunywa maji, mlango ukafungwa. Hakuna aliyekumbuka kuzima maiki. Ndipo Kweyu akasema, wazi kabisa, "Huyu mama akiendelea kuimba hivi, Vivian atasikika lini? Akirudi mwambieni koo limeisha. Wote mseme hivyo." Na wale akina mama, ambao Mama Nasike mwenyewe aliwafundisha kuimba na kuwapikia uji walipojifungua, wakaitikia kwa pamoja: "Sawa, mwalimu."

Nililia kwa hasira. "Maliza Kweyu peke yake," nikamwambia Nasike. "Hao wengine walimwogopa."

"Na mama yangu waliyemtia woga?" alisema. "Nimeagizwa zote. Ni zote."

Akazibana zote, asiache hata moja. Kitu kimoja tu hakuagizwa. Viredio vile hupiga nyimbo kwa mfuatano zilivyoingizwa kwenye kadi, na Nasike alianza na ule wa majaribio wa mama yake. Kila kadi. Kweyu akazichukua, akazigawa Jumapili baada ya ibada, bila kusikiliza hata kidogo.

Jumapili alasiri kwenye ploti zetu, hizi nyumba za kupanga, ni redio na kufua nguo za shule. Nilikuwa uani na Mama Nasike tukichambua sukuma wiki. Redio ya chumba cha juu, kwa mama mmoja wa kwaya, ikaanza. Mkono wake ukasimama.

"Huyo ni nani?" aliniuliza. Haki ya Mungu, hakujijua.

"Ni wewe."

Akasikiliza, uso unaanza kufunguka, kisha yakaja maneno ya Kweyu, kisha lile "Sawa, mwalimu." Huko juu redio ikazimwa ghafla. Lakini ya ploti ya pili ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, na ya ng'ambo ya barabara, na watu wakatoka milangoni kusikiliza. Mtaa mzima ukasikia. Nilifurahi, sitawadanganya. Nilifurahi mpaka nikamwaga mboga.

Asubuhi Kweyu alikuja mbio kibandani, mate yanamruka. "Umeniharibia jina!"

"Si ulisema zote, mwalimu?"

Wanaume wa kiwandani waliokuwa wakingoja kadi zao walimzomea mpaka akapotea kwenye kona. Wazee wa kanisa wakamvua uongozi wiki hiyo hiyo.

Kisha wale akina mama wakaja kwa Mama Nasike, vichwa chini, wamebeba sukari na majani ya chai kama watu wanaokwenda matangani. Wakaomba msamaha. Halafu, bila haya, wakamwomba awaongozee uzinduzi. "Bila wewe hatuna wimbo, mama," alisema mkubwa wao.

Mama Nasike aliwapikia chai kwa sukari yao wenyewe, wakanywa. Walipomaliza akasimama katikati ya chumba, akaimba. Wimbo ule ule, kuanzia mwanzo. Mmoja akaanza kulia. Mwingine akajaribu kuitikia kama zamani, na Mama Nasike akamwinulia kiganja: nyamaza. Akaimba peke yake mpaka mwisho.

Kisha akafungua mlango. "Mmeisikia," alisema kwa upole. "Ndiyo hii sauti mliyosema imeisha. Sasa nendeni."

Walitoka wakisukumana, wakitafuta viatu vyao. Siku hizi anaimba uani kila asubuhi, na mmoja wao akipita langoni, Mama Nasike ananyamaza katikati ya neno. Anamngoja apite. Kisha anaendelea.