Khanga ya Mama Juu ya Shujaa

Jamani, leo mume wangu kafunikwa khanga kwenye TV!

Baba Zuhura kaigiza ile tamthilia ya shujaa anayeruka, hadithi ya enzi za Mwingereza. Sehemu yake imerushwa jioni hii, na mama yangu kaja Mbagala kumtazama mkwewe. Kakaa mbele kabisa.

Shujaa akatokea juu ya mapaa ya makuti ya Temeke. Kuruka anaruka vizuri tu. Shida ni suruali. Imembana mpaka mie mkewe nimeona haya.

Baba Zuhura, pale kwenye kochi, kainamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani.

Mama kavua khanga ya begani, kaifunika TV yote.

"Mkwe wangu simwangalii hivyo. Tutasikiliza."

Basi tukasikiliza! Ngumi, filimbi za askari, watu wanakimbia. Sebule nzima tunatazama maua ya khanga.

Mara mama akaruka kitini:

"Baba Zuhura, geuka! Mzungu yuko nyuma yako na bunduki!"

Baba Zuhura akainua kichwa taratibu. "Mama, umemwonaje?"

Mama eti anawahi kuswali Isha. Hata adhana bado!

Marudio ni kesho mchana, na mama kasema analala hapahapa.

Nyie, kesho nimpe blanketi zito la kufunikia TV?