Nyangumi Asiye na Meno

Nilipokuwa mtoto kule Suji mlimani, habari za nyangumi nilizipata kwa Mama Somoe, mwanamke wa Mtwara aliyekuwa anakata mkonge huko chini tambarare. Miaka ile sabuni hakuna, sukari hakuna, na mvua nayo imegoma. Jumapili alikuwa anapanda mlima na chumvi na samaki wakavu, anabadilishana na ndizi zetu.

Siku hiyo akakuta nyumba imenuna. Mdogo wangu Elieza ameota meno, na yameanzia juu. Kwetu Upareni mtoto wa hivyo ni kigego. Zamani walikuwa wanamtupa, ati asije akamaliza ukoo. Kutupa kulishakwisha, woga ndio ulibaki. Bibi, mama yake baba, akasema mtoto apelekwe kwa wajomba zake kabla mahindi hayajakauka yote. Mama kamkumbatia, hali, hanywi.

"Shikamoo bibi. Kuna msiba?"

"Marahaba. Bado. Tazama kinywa cha huyo."

Mama Somoe akatazama. "Mawili tu? Na wewe, bibi, huko juu huna hata moja. Labda kakuletea yako."

Bibi hakucheka. "Huko kwenu pwani hamjui vigego."

"Tunamjua nyangumi," akasema, akaketi. Akatuambia yule mwenye nundu ni mkubwa kuliko basi, ana mikono mirefu kama mabawa, na meno hana, juu wala chini. Kinywani ana kama brashi ya katani. Wakati wa baridi anatoka mbali kuja kuzalia kwenye maji ya joto.

"Mtoto akitoka, mama anamwinua juu avute pumzi. Hamkagui kinywa. Anamnyonyesha miezi na miezi, na yeye mwenyewe hali kitu, mafuta ya mwili yanaisha."

Bibi akamtazama mama. Akamtazama sana, mpaka nikaogopa.

"Nipe huyo mtoto," akasema. "Wewe ingia ndani ule makande. Huna mafuta ya kumaliza."

Akanyoosha mikono, akampakata Elieza. Woga haukumtoka siku ile, nadhani haukumtoka kabisa. Lakini alimshika, na habari za wajomba hazikusemwa tena. Mvua ilikuja ilipotaka yenyewe.

Bahari sijaiona mpaka leo. Najua tu kwamba mtu anaweza kuogopa na bado akanyoosha mikono, na kwa mikono ile mnaye babu yenu Elieza, aliyewaletea miwa juzi. Haya, vuteni blanketi, mfumbe macho. Na wewe mdogo, acha kuhesabu meno ya mwenzako, lala.