Aliyelala na Viatu

Tulipohamia Johannesburg mwaka 1994, mume wangu alikuwa anarudi kwao baada ya miaka mingi ya kuishi uhamishoni kwetu Tanzania. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini yeye bado alilala na viatu. Alizoea hivyo katika kambi ya wapigania uhuru, kwa sababu adui angeweza kuvamia usiku wowote. Kila jioni alioga, akafunga upya kamba za viatu, akaketi kwenye kiti kilichotazama mlango mpaka alfajiri. Usingizi wake aliuiba mchana, palepale kitini, mara tu alipotoka kazini na kula.

Nilimwombea katika kila sala, nikasubiri.

Baadaye mikono ilianza kumtetemeka akishika kikombe. Macho yakawa mekundu, kifua kikawa kinakoroma. Alikuwa akikata vyuma kwa msumeno wa umeme katika karakana moja Jeppestown, na siku moja alisinzia akiwa amesimama. Mwenzake alimvuta shati. Mashine ikala ncha ya glovu, vidole vikasalimika, alhamdulillahi. Aliileta ile glovu nyumbani, akaiweka mezani kama mtu aliyeleta mkate, akala, akalala. Mimi sikuweza kula.

Hospitali walimpa vidonge vya presha, akavimeza kama alivyoagizwa. Mikono haikutulia. Ndipo jirani akatuelekeza kwa tabibu wa Kihindi, mzee mzaliwa wa Tanga aliyekuwa na chumba kidogo huko Braamfontein cha dawa za asili za Kihindi. Alimshika mume wangu kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka nikaogopa.

"Bwana, unalinda benki?"

"Nalinda nyumba yangu."

"Na wewe nani anakulinda?"

Mume wangu akautazama mlango. Mzee akanigeukia mimi. Katika utabibu wao, alisema, mwili unasimama juu ya nguzo tatu: chakula, usingizi, na kuyazuia matamanio. Anayekesha hukauka ndani. Anayelala mchana akiwa ameshiba, tena katika baridi hii, hujaa kohozi.

"Bwana wako, mama, anakauka na kuzama kwa pamoja. Nguzo moja imeshaanguka."

Akaagiza maziwa ya moto yenye kungumanga kidogo, na kila baada ya Isha nyayo zikandwe kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto.

"Mimi si chapati," mume wangu akasema.

"Chapati ingekuwa imeshaiva, bwana. Wewe unaungua tu."

Walicheka wote wawili. Mimi nilikuwa natazama viatu.

Maziwa aliyanywa. Mafuta je? "Weka hapo," alisema jioni ya kwanza, na bakuli likapoa chini ya kiti. Jioni iliyofuata nikayapasha tena. Baridi ya Juni ikazidi, mafuta yakawa yanapashwa na kupoa, na kila asubuhi alikwenda kwenye ule msumeno.

Jioni moja alitoka kuoga, akainama kufunga kamba. Vidole vilikataa. Alijaribu tena, kamba ikamponyoka. Kisha akaunyoosha mguu kwangu bila kuniangalia.

"Nifungie, mama."

Nilipiga magoti. Sikufunga. Nilikishika kile kiatu kwa kisigino, nikasubiri.

"Nani atatazama mlango?" akauliza.

"Mimi."

Halafu akalegeza mguu, nami nikakivua, kisha na cha pili. Nyayo zake zilikuwa nyeupe na zenye mikunjo, kama za mtu aliyetolewa majini. Nilimlaza kitandani, nikakanda mguu wa kulia. Sikuwa nimemaliza wa kushoto alipoanza kukoroma.

Nilikwenda kuketi kwenye kiti chake, kwa kuwa niliahidi. Muda si muda nikasikia hatua za mtu akipanda ngazi za ghorofa yetu. Zilifika mlangoni petu, zikasimama. Nilihesabu pumzi zangu. Kisha zikaendelea juu.

Mume wangu hakuzisikia. Nilimshukuru Mwenyezi Mungu, nikaendelea kutazama mlango.