Nguzo ya nyumba ya mfalme Japani ilivyookoa nyumba ya mama Nansio

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenitokea mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Mimi naishi Buswelu. Mama yetu yuko Nansio, Ukerewe, kwenye nyumba aliyojenga marehemu baba: matofali ya kuchoma, na baraza pana lenye nguzo za mbao.

Mwaka jana mchwa walikula nguzo mbili kwa chini. Bati la baraza likaanza kulala upande.

Kaka yangu Sospeter, anayeuza vifaa vya ujenzi Buzuruga, akasema tubomoe yote, tujenge ya kisasa. Nami nikamuunga mkono.

Mama akatujibu, "Bomoeni zenu kwanza, nione mtakavyolala nje." Akaacha kupokea simu za Sospeter.

Mambo yakiwa hapo, nikapata safari ya kikazi Japani, mafunzo ya maji safi. Siku ya mapumziko wenyeji wetu wakatupeleka Nikko, mji wa milimani kaskazini mwa Tokyo, kuona nyumba ambayo familia ya kifalme ilikuwa ikienda kupumzika wakati wa joto.

Wakuu, nilitegemea dhahabu. Nikakuta mbao!

Nyumba kubwa ya mbao, korido inaingia kwenye korido. Mlangoni mnavua viatu. Vyumbani kuna mikeka minene ya nyasi iliyofunika sakafu yote, na milango ya karatasi inayoteleza. Nje kuna bustani yenye mti mzee ambao matawi yake yameegemezwa kwa fito.

Ni kimya, hata wenzetu wa kelele walinong'ona.

Wao walipiga picha dari. Mimi, kwa sababu ya yale ya nyumbani, nilitazama nguzo. Moja ya barazani ilikuwa na rangi mbili: juu mbao nyeusi ya zamani, chini mbao changa. Zimeshikana kama vidole vya mikono miwili.

Nikamuuliza mzee aliyekuwa anatutembeza. Akasema chini ilioza, wakakata, wakaunga.

"Kwa nini hamkuweka mpya nzima?"

Akanishangaa. "Juu ni nzima. Tuitupe kwa nini?"

Sisi kwa ajili ya nguzo mbili tulitaka kutupa nyumba.

Nikatoka bustanini, nikampigia mama kwa video. Baada ya shikamoo, nikamwonyesha chumba cha mfalme kupitia vioo vya korido.

"Mfalme alikaa chini? Viti vyake vimeenda wapi?"

"Ni desturi yao, mama. Na viatu wanavua."

"Kumbe wamelelewa."

Nikaelekeza simu kwenye ile nguzo. "Sogeza karibu." Nikasogeza. "Mwonyeshe na ndugu yako."

Niliporudi nikampelekea Sospeter picha dukani.

"Yaani umepanda ndege kwenda kuangalia nguzo?" Akacheka sana. Lakini picha akaikuza, akaikuza tena. "Hii kazi ya fundi huyu ni balaa."

Tukavuka na kivuko pamoja. Fundi wa Nansio akakagua kuta, akazikuta imara. Tukainua paa kwa jeki na magogo, akakata palipooza, akaunga mninga, kisha akasimamisha nguzo juu ya zege ili zisiguse udongo.

Kiungo chetu si kizuri kama cha Nikko, kinashikiliwa na bolti. Mama alisimamia kazi yote akiwa amejishika kiuno.

Masika imepita, bati limenyooka.

Nilichojifunza: kabla ya kubomoa, kagua kwanza kipi kimeoza na kipi bado kizima. Sijasema kila nyumba inaokoka.

Wiki iliyopita tulikwenda kumsalimia mama. Sospeter akapanda barazani na viatu vyake.

"We Sospeter! Mfalme wa Japani anavua, wewe ni nani?"

Akavua, anacheka. Siku hizi simu zake zinapokelewa mlio wa kwanza.

Wenye nyumba za wazazi zenye nguzo za mbao, mchwa mnawazuiaje? Tupeane uzoefu hapa chini. Na anayeona tulikosea, aseme tu, nitasoma.