Mafua ya Sorush Yasiyopona

Mvua ya Rasht, mji wa kaskazini mwa Irani, hainyeshi ikapita kama mvua za watu wengine. Hii huhamia na mizigo yake. Mchana ule ilikuwa inagonga dirisha la choo huku Sorush akinyoa ndevu kwa mara ya pili tangu asubuhi, na shingo inamwasha. Mama yake, Bi Nahid, alikuwa mlangoni kashika dufu.

"Golnar! Hujamaliza tu? Watu wa hina wanatungoja."

"Sorush, mama."

"Usorush wako upeleke kwa hakimu. Kwenye shughuli za watu wewe Golnar. Nipe amani miye!"

Sorush alikuwa amechoka, jamani, uchovu ule ambao usingizi hauondoi. Kachoka na madaktari wanaomuuliza swali lilelile kila mmoja kwa mdomo wake: una hakika? Kachoka na mabenchi ya mahakama, na paja linalovimba kila akidungwa sindano ya homoni za kiume. Alizaliwa binti, akaitwa Golnar; hakimu alikwisha kumruhusu awe mwanamume kama alivyojijua tangu utotoni, kilichobaki kilikuwa kitambulisho kipya. Hadi kitoke, mtaani anajitanda mtandio, na wapita njia wanamkodolea macho wasijue wamweke wapi. Kitu kimoja tu hakikuwa kimemchosha, nacho ni gitaa.

Na gitaa ndilo lililokuwa likiwalisha. Tangu baba afe, mama na mwana walikuwa wakipiga kwenye shughuli za wanawake: mama dufu, mwana gitaa na sauti. Shughuli hizo mwanamume hakanyagi. Hata anayeleta sufuria za wali huziacha mlangoni, akakohoa, akaenda zake. Wanawake huvua mitandio, wakacheza watakavyo. Hapo ndipo jina la Golnar lilipojengeka. Wanamuziki wanaume walikuwa na vikundi vyao na ndugu zao, nani angemtazama? Mlango huu ukifungwa, hana pengine pa kupiga.

Mama yake aliongeza na la kwake. "Sikiliza," alimwambia siku moja, "ukitaka kujidunga, jidunge. Lakini siku sauti yako itakapokufichua mbele za watu, mimi nitasema sikujui. Nitasema nilikuokota njiani unipigie gitaa." Alisema huku anakatakata biringanya, wala hakuinua uso. Sorush alimjua mama yake. Akisema kasema.

Basi sauti ilipoanza kukwaruza na kuzama, Bi Nahid akazua mafua. Golnar ana mafua, leo atapiga tu, haimbi. Na wanawake wa Rasht uwajue, hakuna asiye na dawa ya mafua! Kila shughuli Sorush anarudi na mfuko wa malimau matamu. Jikoni yamejaa, mengine yanaoza. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata yenyewe ilikuwa imechoka kunywa malimau.

Shughuli ya siku hiyo ilikuwa nyumbani kwa Bi Tuba, ajuza mnene mwenye nywele nyeupe zilizomfika kiunoni, anayemwoza mjukuu wake Shokufeh. Sebule imejaa, samovari ya chai inachemka, na bibi harusi kakaa kwenye mto, mikono yote miwili imefungwa vitambaa juu ya hina mbichi.

"Golnar, mwanangu, hujapona tu?" Bi Tuba alipaza sauti. "Mafua tangu Mwaka Mpya! Hayo si mafua, hayo ni mpangaji. Mfukuze!"

Wanawake wakaangua kicheko. Bi Nahid naye akacheka, ila vidole vyake vilikazana kwenye dufu.

Wakapiga. Watu wakacheza mpaka jasho likawatoka, na Sorush akainamia nyuzi zake asimwangalie mtu. Walipopumzika kunywa chai, Shokufeh akamwita.

"Dada Golnar, niimbie. Tangu mdogo nasema hina yangu ataimba Golnar. Ubeti mmoja tu, hata ukikwaruza."

"Ana mafua," alidakia Bi Nahid.

"Bi Nahid, wewe nawe! Kwani nimesema aimbe redioni?"

"Aimbe! Aimbe!" sebule nzima ikaitikia, na makofi juu. Bi Nahid akaanza kupiga dufu kwa nguvu ili ayazime maneno yao. Akamtazama mwanawe, na macho yake yalikuwa yanasema: usithubutu.

Sorush angeweza kukohoa kidogo yakaisha. Kikohozi hicho alikuwa amekikohoa msimu mzima. Lakini alipokitafuta, hakukipata. Msiniambie ulikuwa ushujaa. Ushujaa gani? Mtu alichoka kudanganya, basi.

Akaimba. Alianzia kule juu ilikokuwa ikikaa sauti yake ya zamani, ikapasuka, wasichana wawili wakacheka. Akalegeza koo, akaiacha ishuke. Ikashuka, ikashuka, ikakaa chini kabisa, nene na tulivu. Nyumbani alikuwa akiimba nayo kafunika uso kwa mto, majirani wasisikie. Hakuwahi kuisikia ikijaza chumba. Ilikuwa nzuri! Akafunga macho, akaumaliza ubeti wote.

Kisha Bi Tuba:

"Ya Abulfadhli! Huyu ni mwanamume!"

Ikawa vurugu. Mmoja anavaa mtandio wa mwenzake, mwingine kajiviringisha pazia. Bi Tuba akavuta kitambaa cha meza kujifunika zile nywele, na halua ikamwagika zuliani. "Nifunikeni jamani, nina hina mikononi!" alipiga kelele Shokufeh, mpaka shangazi yake akamwangushia koti kichwani.

Sorush akaweka gitaa chini, akageukia ukuta, kama ambavyo kijana yeyote mwenye adabu angefanya. Kazi imekwisha, alilijua hilo. Kesho mji mzima utakuwa na habari. Lakini hakuna mwanamke aliyewahi kujifunika kwa ajili yake, na sasa chumba kizima kimejifunika, na aibu na furaha zikamjia kwa pamoja asijue alie kwa lipi.

"Nahid!" Bi Tuba alifoka. "Umetuletea nini ndani ya nyumba yangu? Na wewe umekaa kichwa wazi unatazama nini? Jifunike! Humwoni mwanamume?"

Sorush akafumba macho. Akalingoja neno lile: simjui.

Mama yake aliweka dufu chini. Alipojibu, sauti yake ilikuwa imechoka kuliko ya mwanawe.

"Nijifunike kwa nani, Bi Tuba? Huyo nimemzaa mimi. Tangu lini mama akajifunika kwa mwanawe wa kiume?"